Mgeni wa Biashara na Lango la Nchi

Methali moja yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliotunga methali hiyo hawakuwa wageni wa dunia. Waliwaona wasafiri wa kila namna, wema na waovu, wakajifunza kwa majaribio ya miaka mingi kuwa nyumba isiyofikiwa na mgeni ni nyumba yenye njaa. Leo methali hiyo hufundishwa katika kila shule, nayo huandikwa daftarini kwa mwandiko mzuri. Lakini ukitoka shuleni ukaenda mpakani, au ukasimama mbele ya dirisha la ubalozi, utaona kuwa serikali nyingi za dunia huifuata methali nyingine, isemayo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila ajaye hudhaniwa kuwa na kamba, na sharti athibitishe kwa karatasi, kwa fedha na kwa kungoja kwamba mguu wake u huru.

Insha hii yaipinga desturi hiyo. Haisemi kuwa nchi isiwe na mpaka, wala mpaka usiwe na lango, wala lango lisiwe na bawabu. Yasema kuwa lango lililofanywa gumu kupita kiasi halimzuii mwovu, ambaye aghalabu hapiti langoni. Humzuia mfanyabiashara mwaminifu, na kwa kumzuia yeye huizuia riziki ya wengi walio nyuma yake. Nawe, msomaji, ambaye kesho utakuwa mwenye duka, au mkulima, au fundi, au pengine ofisa wa mpakani, yakupasa kulipima jambo hili kabla halijakupima wewe.

Tuanze na pwani yetu wenyewe. Mwaka 1331 msafiri Ibn Batuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alizuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Katika habari za safari zake ameeleza jinsi wafanyabiashara walivyopokewa Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikijia kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mgeni alifikia katika nyumba ya mwenyeji huyo, na mwenyeji akamwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Mtu akifanya biashara na mgeni pasipo mwenyeji kuwapo, biashara hiyo haikukubaliwa. Lakini mgeni aliyekwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake alikuwa huru kufikia alikotaka.

Zingatia sana habari hiyo, maana watu husema kuwa ukarimu na ulinzi haviwezi kukaa katika chumba kimoja. Watu wa Mogadishu walikuwa na sheria, na sheria yao ilikuwa kali. Mji ulijua ni nani aliyeingia, amelala wapi, ameuza nini na kwa nani. Lakini sheria hiyo ilikuja kwa mgeni imechukua chakula mkononi. Haikumwambia arudi kwao akalete barua. Ilimpa mdhamini, ikamwacha afanye kazi iliyomleta. Na alipokwisha kujulikana, ikamwongezea uhuru. Kwa njia hiyo bandari zetu zilipokea watu wa Arabuni, wa Ajemi na wa Bara Hindi, walioletwa na pepo za kaskazi na kurudishwa na pepo za kusi, na miji ikajengeka kwa mawe. Kama mabwana wa Kilwa na Mombasa wangaliwataka wageni hao wangoje kule Hormuz au Gujarat mpaka ruhusa ipatikane, kaskazi ingalikwisha kabla ya jibu kufika, na miji hiyo isingalipata utajiri ule.

Masharti tunayoyaona leo ni mapya kuliko tunavyodhani. Kabla ya vita vikuu vilivyoanza mwaka 1914, msafiri aliweza kupita katika sehemu kubwa ya Ulaya bila pasipoti. Vita vilileta hofu, na hofu ikaleta karatasi. Mwaka 1920 Ushirika wa Mataifa uliitisha mkutano mjini Paris ili kupanga namna moja ya pasipoti, na wengi walitumaini kuwa amani ikishika mizizi masharti hayo yataondolewa. Hayakuondolewa. Lililowekwa kwa ajili ya vita lilibaki wakati wa amani, likazaa watoto na wajukuu, na mmoja wa wajukuu hao ndiye viza ya leo.

Sasa tutazame viza hiyo ikimshika mtu. Tuseme yuko mama mmoja katika nchi ya Machakos, asukaye vyondo na kuvikusanya kwa wanawake wenzake. Vyondo vyake ni vizuri, na mtu mmoja amemwalika avipeleke kwenye maonyesho makubwa ya bidhaa za nyumbani ambayo hufanyika mjini Frankfurt katika Ujerumani. Ili aingie huko hana budi kupata viza ya nchi za Schengen. Kwanza atafute siku ya kupokewa, jambo ambalo lenyewe laweza kuchukua muda mrefu. Kisha apeleke barua ya mwaliko, hesabu zake za benki, hakika ya mahali atakapolala, mpango wa ndege ya kwenda na kurudi, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tena alipe ada, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Akiisha kufanya hayo yote, angoje. Kwa kawaida jibu hutolewa katika siku 15, lakini laweza kucheleweshwa hata siku 45. Akikataliwa, ada hairudi, na habari ya kukataliwa kwake huhifadhiwa kwa miaka 5, ili ofisa mwingine aione siku atakapoomba tena.

Ofisa hutaka kuona dalili kuwa mama huyo atarudi kwao. Lakini mali ya mama huyo haikukaa benki. Imekaa katika mkonge, katika rangi, na katika vidole vya wanawake ambao humdai malipo ya kazi waliyokwisha kuifanya. Wanawe wako shuleni, shamba lake lina mahindi, na chama chake humngoja kila mwezi. Hizo ni kamba nene za kumrudisha nyumbani kuliko hesabu yoyote ya benki, lakini hakuna mahali pa kuziandika katika fomu. Basi mtu mwenye sababu elfu za kurudi huonekana hana hata moja.

Je, vyondo havitauzwa? Vitauzwa. Mnunuzi wa Frankfurt atapanda ndege aje Nairobi, kwa kuwa yeye mlango wake ni mwepesi: tangu Januari 2024 aliweza kuomba idhini ya kuingia Kenya kwa kompyuta na kulipa dola 30, akiwa amekaa kwake. Atafika, atachagua, atataja bei. Hapa ndipo penye kiini cha dhuluma, msomaji. Asiyeweza kwenda sokoni hupangiwa bei na yule awezaye kwenda. Mama wa Machakos hajui kiondo chake chauzwa kiasi gani katika duka la Ulaya, hajui ni rangi gani zapendwa, hajui ni nani mwingine angetaka kununua. Na asiyejua hayo hana nguvu ya kubishana. Ugumu wa lango haukuondoa biashara. Uliondoa sehemu kubwa ya faida kutoka mkono ulioifanyia kazi, ukaitia katika mkono wenye pasipoti nyepesi.

Lakini tusitupe mawe Ulaya tu na kusahau kwamba nyumba yetu pia ina madirisha ya kioo. Waafrika wamefungiana milango wao kwa wao kwa bidii ya ajabu. Tarehe 21 Machi 2018 nchi za Afrika zilikutana Kigali, zikatia sahihi mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, na biashara chini ya mkataba huo ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Nchi zaidi ya 40 zimeuridhia. Mkataba huo ni wa kupunguza ushuru ili bidhaa za nchi moja zipite katika nchi nyingine. Mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 2018, kule Addis Ababa, ulipitishwa mkataba mwingine, ndugu yake, wa kuruhusu watu wapite kwa urahisi. Nchi zaidi ya 30 zilitia sahihi. Lakini ili mkataba huo upate nguvu ya sheria zatakiwa nchi 15 ziuridhie, na hadi mwisho wa mwaka 2024 zilizouridhia zilikuwa nne tu: Rwanda, Niger, Mali, na São Tomé na Príncipe.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba serikali zetu zimekubali kwa wingi mzigo upite, zikasita mwenye mzigo apite. Gunia lina ruhusa, aliyelishona hana. Nani aliyepata kuona gunia likitembea peke yake hadi sokoni, likapatana bei, likachunguza kama mnunuzi ni mwaminifu, likarudi na fedha? Biashara ni watu wawili waliotazamana usoni wakaaminiana. Barua husaidia, simu husaidia, na siku hizi mitambo huwawezesha watu kuonana wakiwa mbalimbali; lakini mtu hatoi mali yake yote kwa mkopo kwa mtu ambaye hajapata kumwona kiwandani kwake, hajala naye, wala hajajua anavyowatendea watumishi wake. Wafungie watu hao wawili wasikutane, nawe umeifunga biashara, hata kama ushuru umeufanya sifuri.

Pengine utasema kuwa haya ni malalamiko ya wanyonge, ambao hulalamika daima. Basi msikilize tajiri. Mwezi wa Mei 2024, katika mkutano wa wakuu wa makampuni uliofanyika Kigali, Aliko Dangote wa Nijeria, ambaye kwa miaka mingi ametajwa kuwa tajiri wa kwanza wa Afrika, alilalamika hadharani kuwa kwa pasipoti yake ahitaji viza 35 ili azunguke katika bara lake mwenyewe, na kuwa Mzungu husafiri Afrika kwa wepesi kuliko yeye. Huyu ni mtu mwenye viwanda vya saruji katika nchi nyingi, mwenye makarani wa kumjazia fomu na mawakili wa kumwandikia barua. Ikiwa jua humchoma mwenye mwavuli, litamfanyaje asiye na kofia?

Sasa tuwape nafasi wanaoitetea desturi hii, maana hoja isiyojibu hoja ni kelele. Husema kwanza: lango gumu ni salama ya nchi. Sitaichezea hoja hiyo. Sisi Wakenya tumezika watu wetu. Tuliwazika mwaka 1998 baada ya bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tukawazika mwaka 2013 baada ya Westgate, na mwaka 2015 tuliwalilia watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa vijana ambao juzi tu walikuwa wanafunzi wa sekondari kama wewe. Anayeomba ulinzi haombi jambo la upuuzi. Lakini ukweli nao una haki ya kusemwa. Miongoni mwa walioshambulia Garissa, na walioshambulia jengo la DusitD2 mwaka 2019, walikuwamo Wakenya, waliozaliwa hapa na kusoma hapa. Hakuna viza ambayo ingaliwazuia, kwa kuwa hawakuhitaji viza. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwovu hujulikana kwa upelelezi wa busara, kwa polisi asiyepokea rushwa, na kwa nchi jirani kupeana habari. Hajulikani kwa kumdai mwuza vyondo hesabu za benki za miezi kadhaa.

Tena lango likiwa gumu mno, watu hawaachi kuvuka. Huacha kuvuka langoni. Mpaka wa Kenya na Uganda una njia nyingi ambazo watu wameziita njia za panya. Mwuza samaki au nguo aliyeogopa maswali, ada na kucheleweshwa alipita huko usiku, na katika kichaka hicho hicho akapita mwenye magendo na mwenye silaha. Serikali iliyotaka kumwona kila mtu ikawa haimwoni mtu. Lakini mchuuzi alipopewa njia nyepesi ya kupita mchana, alikuwa na sababu ya kukiacha kichaka, na wanaobaki kichakani huwa wachache wa kutafutwa.

Husema pili: wageni watakuja wachukue kazi za wananchi. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna ajaye kukaa na kufanya kazi, na huyo ana sheria yake. Methali pia yamjua, maana husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mfanyabiashara apitaye hakuja kuchukua jembe la mtu. Amekuja kwa siku tano au kumi. Hulala katika hoteli ya wenyeji, hupanda gari la mwenyeji, hula nyama iliyochinjwa na mwenyeji, na akiondoka huacha oda ambayo yaweza kuwapa wenyeji kazi ya mwaka mzima. Kumzuia huyo kwa kuogopa kazi kupotea ni sawa na mkulima anayeifukuza mvua asije akalowa.

Husema tatu: wao wametufungia, nasi tuwafungie. Hoja hii hupendeza sikioni kwa sababu yafanana na heshima. Lakini tazama matunda yake. Mwezi wa Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanijeria 125 waliofika kwa ndege, kwa kudai kuwa kadi zao za chanjo ya homa ya manjano hazikuwa halali. Nijeria nayo ikaanza kuwarudisha watu wa Afrika Kusini. Mataifa mawili ambayo uchumi wao ni miongoni mwa mikubwa katika bara hili yakawa yanarudishiana wasafiri kama watoto wanaotupiana mchanga, mpaka Afrika Kusini ikaomba radhi. Chanjo ni jambo la maana, na kadi ya uongo ni hatari ya kweli, hilo sikatai. Lakini nani alipona homa kwa kisasi hicho? Biashara haigombi. Nchi inayojifungia mlango ili kumwadhibu jirani hukaa gizani pamoja naye.

Na pasiwe na mtu wa kusema kuwa hasara hizi ni za kubuni. Afrika Kusini hiyo hiyo ilitunga masharti mapya mwaka 2014. Waombaji wa viza katika Uchina walitakiwa waende wenyewe, kwa miguu yao, mpaka Beijing au Shanghai wakapigwe alama za vidole, hata kama mtu akaa mbali kama Mombasa ilivyo mbali na Kisangani. Tangu Juni 2015 wazazi wenye kusafiri na watoto walitakiwa kuchukua vyeti kamili vya kuzaliwa. Nia ilikuwa njema, kuzuia wizi wa watoto. Lakini wageni walipungua, wenye hoteli na makampuni ya ndege wakapiga kelele, na kabla mwaka huo wa 2015 haujaisha serikali yenyewe ilitangaza kuyalegeza masharti hayo. Mgeni hana haja ya kugombana na lango lako. Hugeuka tu, akaenda kwa jirani, na wewe usijue kamwe ni nani aliyepita asibishe hodi.

Hata sisi Wakenya tumeyaonja hayo. Tarehe 12 Desemba 2023, katika sikukuu ya Jamhuri, ilitangazwa kuwa tangu Januari 2024 hakuna mtu duniani atakayehitaji viza kuja Kenya. Maneno hayo yalisikika vizuri. Lakini mahali pa viza pakawekwa idhini ya safari, ambayo sharti mtu aiombe kabla ya kuondoka kwao, apeleke hati zake na alipe dola 30. Wananchi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliachiliwa, lakini wananchi wa nchi nyingine za Afrika ambao zamani waliingia bila viza na bila malipo walijikuta mbele ya sharti jipya. Jina liliondoka, mzigo ukabaki. Na kwa wengine mzigo ulizaliwa siku jina lilipokufa. Katika orodha ya mwaka 2024 ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika hushiriki kuitoa, ya kupima jinsi nchi zinavyowafungulia Waafrika milango, Kenya ilishuka hadi nafasi ya 46 kati ya nchi 54. Mwaka 2025 serikali iliwaondolea sharti hilo Waafrika karibu wote. Nasifu uamuzi huo. Nao wathibitisha kwamba lango lililojengwa kwa kalamu laweza kubomolewa kwa kalamu.

Mifano ya heri haikosekani. Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi, ambapo maofisa wa Kenya na wa Uganda hukaa chini ya dari moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Sisemi kuwa kitambulisho peke yake huuza bidhaa, lakini si jambo la bahati kwamba Uganda, ambayo tumeifungulia na imetufungulia, ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa bidhaa zetu. Tangu Januari 2023 Mkenya aweza kuingia Afrika Kusini bila viza na kukaa hata siku 90 katika mwaka, baada ya miaka mingi ya kusimama foleni. Na Rwanda, nchi ambayo mwaka 1994 ilipata jeraha ambalo lingaliifanya imwogope kila mgeni hata mwisho wa dunia, imewafungulia Waafrika wote mlango bila ada ya viza. Ikiwa aliyeumizwa namna hiyo amethubutu kufungua, sisi wengine twasingizia nini?

Basi twataka nini? Twataka mambo machache, tena mepesi. Sharti liwe moja na lijulikane, lisibadilike kwa sura ya aliye dirishani. Jibu lipewe siku yake, kama deni lilivyo na siku yake, maana mwaliko wa maonyesho uliojibiwa baada ya maonyesho haufai kitu. Anayekataliwa aambiwe sababu kwa maneno ya kueleweka, ili aweze kuitengeneza kasoro yake. Na aliyekwisha kujulikana, aliyekwenda akarudi mara tatu au nne bila kuvunja sheria, apewe ruhusa ya miaka kadhaa badala ya kuanzishwa upya kama mtoto wa jana. Hili si ndoto. Nchi za pwani za Bahari ya Pasifiki zilianza mwaka 1997 kuwapa wafanyabiashara wao kadi maalumu, ambayo siku hizi hudumu hata miaka 5, na mwenye nayo huingia katika nchi nyingi za ushirika huo bila kuomba viza kila safari. Wamefanya lile ambalo Mogadishu ilifanya katika karne ya 14: mgeni aliyezoea mji na afikie anapotaka.

Msomaji, siku moja yamkini utakaa nyuma ya dirisha hilo, na muhuri utakuwa mkononi mwako. Mbele yako atasimama mtu mwenye mkoba uliochakaa, aliyeuza mbuzi ili alipe ada, akijibu maswali yako kwa sauti ya woga. Mwulize yote ambayo sheria yakutaka uulize, wala usione haya. Ukiona uongo, mzuie. Lakini usisahau kuwa nyuma yake wapo watu wengi usiowaona, wa kwao na wa kwenu, ambao chakula chao cha mwaka kimo katika mkoba ule. Ukimrudisha kwa haki, umeilinda nchi. Ukimrudisha kwa uvivu, kwa kiburi, au kwa sharti ambalo wewe mwenyewe hujui faida yake, hukumnyima yeye peke yake. Umewanyima na wenyeji, nao hawatajua kamwe ni riziki gani iliyofika hadi langoni kwao ikarudi.